Vipimo vya malaria vikiisha zahanati, dalili zinatosha kutoa dawa mseto ya malaria?

Mleta mada, Kasulu: Vipimo vya haraka vikiisha, mtoto mwenye homa apewe mseto kwa dalili tu, au apewe rufaa? Mimi nasema rufaa. Homa, kichwa, kutapika, viungo kuuma: yote hayo utayakuta pia kwenye nimonia, UTI na taifodi. Zamani mtoto wa chini ya miaka 5 akichemka ilihesabiwa malaria, basi. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka apimwe kwanza.

Mama wa Uvinza: Rufaa ya kwenda wapi, ndugu yangu? Masika hii barabara yenyewe iko wapi? Utafiti wa serikali wa 2017 ulikuta karibu robo ya watoto wa chini ya miaka 5 hapa Kigoma wana malaria. Mkoa wenye robo nzima, unataka uthibitisho gani tena?

Mleta mada: Mama, pole, hapo una haki. Mwongozo wenyewe unaruhusu kutibu kwa dalili iwapo kipimo hakipatikani ndani ya saa 2. Na mwenye degedege, aliyezimia, au anayetapika kila kitu hasubiri chochote: apewe artesunate, dawa ya malaria kali, akimbizwe hospitali. Ninachokataa ni dharura kugeuzwa desturi, vipimo visiagizwe kwa sababu "tunawajua wagonjwa wetu".

Tabibu, Urambo: Hiyo robo isomeni vizuri. Watoto walipimwa majumbani, wagonjwa kwa wazima. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria huku homa yake inatoka kifuani. Tena vipimo vyetu husoma protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Mistari miwili kwenye kipimo, yaani malaria ipo, isikufanye ufunge faili. Mtoto anayekohoa, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo ni nimonia hata kama malaria ipo. Kazi hiyo haihitaji kitendanishi.

Mama wa Uvinza: Daktari, kwetu mhudumu ni mmoja, na foleni inafika kwenye mwembe. Hiyo dakika atampa nani?

Tabibu, Urambo: Aanze na anayekohoa.