Bodi ya kirikuu: ribiti tu, gundi tu, au vyote?

Chumaulete:
Wakuu, habari za jioni. Nina kirikuu (kale kagari kadogo ka mizigo), nataka kuifungia boksi la kubebea mikate hapa Tanga. Fremu ni skwea paipu za chuma, kuta ni shiti za alumini. Fundi wa kwanza anasema ribiti (vile vipini vya kubania shiti) zinatosha. Wa pili anasema ribiti kwenye barabara za vumbi zitaanza kucheza, bora gundi ya polyurethani. Hela ninayo ya mara moja tu. Nimfuate nani?

Mtoto wa Gereji:
Vyote, mkuu. Ribiti inabana sehemu moja, mtikisiko wote unaishia kwenye lile tundu mpaka linapanuka. Gundi inatawanya mzigo na kuziba maji. Ila shida yake, shiti zikitaka kutelezana inavumilia sana, ukingo ukianza kuinuka inabanduka kama stika. Kwenye kingo na kona ndipo ribiti inapookoa.

Pwani Kavu:
Kwa Tanga gundi ni lazima. Alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka ribiti. Na ukatae ile silikoni inayonuka siki, asidi yake inakula chuma.

Chumaulete:
Shukrani. Araldite je? Duka la jirani ipo.

Mtoto wa Gereji:
Hiyo ni gundi ya epoksi, ikikauka ni ngumu, hainyumbuliki. Shiti ya mita 2 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi, alumini inarefuka kuliko chuma kwa karibu milimita 0.9. Polyurethani inanyumbulika, mradi ibaki na unene wa milimita 2 hivi. Fundi akiminya ribiti mpaka gundi yote itoke, kazi bure. Aweke washa za plastiki katikati ya shiti na fremu.

Mzee wa Drili:
Matundu yote yatobolewe kabla gundi haijafunguliwa. Ribiti ya milimita 4.8, biti ya drili ya 4.9. Halafu shiti zitenganishwe, makapi yatolewe, msasa upite, ifutwe kwa asetoni na kitambaa safi. Ile nailoni iliyobandikwa juu ya shiti mpya ibanduliwe upande wa gundi! Nimeona bodi iliyogundishwa juu ya nailoni, jamani. Ribiti zipigwe gundi ikiwa bado mbichi. Polyurethani inakauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje, kiasi cha milimita 3 siku ya kwanza, na ndani inazidi kwenda taratibu. Usipakie mikate kesho yake.

Hesabu Kali:
Msimdanganye kwamba nguvu za gundi na ribiti zinajumlishwa. Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka paa angani kule Hawaii. Gundi kwenye maungio ya shiti ilishaachia, mzigo ukahamia kwenye ribiti, nyufa zikaanzia matunduni. Kirikuu hairuki, najua, ila maungio uyakague.

Chumaulete:
Fundi wa kwanza kasoma uzi, kasema bei inapanda.

Mzee wa Drili:
Muulize inapandia wapi. Gundi kanunue mwenyewe, na usome tarehe ya mwisho kwenye tyubu.