Naomba ushauri: Albamu ninayoipenda kuliko zote ni ya mwanamuziki aliyetiwa hatiani. Niitaje redioni au niiache?

Mwana wa Kanda
Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Redio moja ya jamii hapa Morogoro imeniomba niandae orodha ya albamu kumi ninazozipenda kuliko zote, nizipange kuanzia ya kumi hadi ya kwanza, kisha nizizungumzie Jumamosi usiku kwa saa mbili huku vipande vyake vikipigwa. Marehemu baba yetu alikuwa na kibanda cha kurekodi na kuuza kanda, nami nimekulia humo, kwa hiyo mwaliko huo niliupokea kwa furaha kubwa.

Nyingi hazinipi taabu. Ipo Mario ya Franco na TPOK Jazz ya mwaka 1985, ipo Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala ya mwaka 1989, ipo Emotion ya Papa Wemba ya mwaka 1995, na zipo za taarabu ambazo mama alikuwa hachoki kuzisikiliza. Albamu ya R. Kelly ya mwaka 1998 nilikuwa nimeiweka nafasi ya nane, lakini nimeiondoa bila kusita, kwa kuwa mwenyewe anatumikia kifungo cha miaka 30 huko Marekani kwa unyama aliowatendea wasichana.

Ninakwama kwenye Effrakata ya Koffi Olomide, iliyotoka mwaka 2001. Nikisema kweli yangu yote, hiyo ndiyo ya kwanza, wala hakuna inayoikaribia. Hata hivyo sote tuliiona video ya Julai 2016 kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, ambamo alionekana akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake, Kenya ikamrudisha kwao siku iliyofuata, na habari za mahakama za Ufaransa tunazijua. Nimefikiri niishushe hadi nafasi ya nne, ili isiwe ya kwanza wala isikosekane. Je, hilo linatosha?

Dereva wa Usiku
Iweke ya kwanza, mkuu, na usimwogope mtu. Mimi naendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na usiku mmoja tukipanda Kitonga, usingizi ulikuwa umenibana kiasi kwamba niliona barabara mbili. Utingo wangu aliweka sebene la albamu hiyohiyo kwa sauti ya juu, tukafika Mafinga salama. Msanii si imamu wala mchungaji. Tukianza kuwaondoa wakosefu wote, redio zitabaki kusoma taarifa za habari na matangazo ya vifo.

Mzee wa Santuri
Vijana, msisahau kwamba hata Franco aliwekwa gerezani mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizoonekana kuwa chafu, na leo hakuna orodha ya muziki wa Afrika inayothubutu kumwacha. Mwanamuziki na lawama walizaliwa pamoja. Tatizo la siku hizi ni malezi. Enzi zetu mtu alikwenda dansini amevaa suti, akarudi nyumbani na mkewe, na hapakuwa na simu za kupiga picha kila jambo.

Msomaji wa Sheria
Mzee wangu, shikamoo. Naomba tusichanganye mambo mawili. Franco alifungwa kwa maneno aliyoyaimba, na mtu anaweza kuyapenda au kuyachukia maneno. Shauri la Ufaransa lilihusu watu waliodai kutendewa jambo miilini mwao. Mwaka 2019 mahakama ya Nanterre ilimtia Koffi hatiani kwa kosa la kingono dhidi ya mnenguaji aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati huo, bila yeye kuwapo mahakamani. Desemba 2021 mahakama ya rufani ya Versailles ilimwondolea makosa ya kingono, lakini ikamtia hatiani kwa kuwazuilia wanenguaji kinyume cha hiari yao, na ikampa kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa. Nayaandika yote mawili kwa sababu humu kuna watakaosema alibakwa mtu na yakaisha, na watakaosema amesafishwa kabisa, na kila upande utakuwa umeacha nusu ya hukumu.

Jambo moja la kukusaidia, ndugu mwenye uzi: matukio yaliyopelekwa mahakamani yalitajwa kuwa ya kati ya 2002 na 2006. Albamu yako ni ya 2001.

Mpenda Rumba wa Ubelgiji
Huku Brussels mjadala huu hauishi. Papa Wemba uliyemwacha bila kumgusa alikamatwa Ufaransa mwaka 2003 na kutiwa hatiani mwaka 2004 kwa kuwaingiza watu Ulaya kinyume cha sheria kwa kisingizio kwamba ni wanabendi wake. Jirani yangu aliingia kwa njia kama hiyo, ingawa si kwa bendi ya Wemba, na hadi leo humwita mkubwa wake wa bendi mkombozi. Wapo waliolipa na kutupwa njiani ambao watakuambia mengine. Ajabu ni kwamba UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo miongoni mwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi uleule wa hukumu ya Versailles, Desemba 2021. Nilisherehekea jambo moja na kuinamisha kichwa kwa lingine ndani ya wiki moja.

Mama Wawili
Kaka, nimekusoma mara mbili. Umemtoa R. Kelly bila kusita kwa sababu albamu yake haikuwa imeshika moyo wako. Kuitupa hakukukugharimu chochote. Ile inayokugharimu ndiyo umeitafutia nafasi ya nne. Naomba kuuliza: nafasi ya nne ni adhabu ya nani? Koffi hatajua, na wanenguaji wale hawatajua. Tena mtu anayepanga nyimbo anazozipenda hapotezi usingizi kwa ajili ya wasikilizaji asiowajua. Kuna mtu atakayesikiliza Jumamosi ambaye unamwogopa. Ni nani?

Mwana wa Kanda
Nawashukuru wote. Ndugu Msomaji wa Sheria, hoja ya mwaka imenipa nguvu, kwa maana albamu ilitangulia, na mtu hawezi kukitia lawama kitu kilichotengenezwa kabla ya kosa. Isitoshe, albamu haiwi ya mtu mmoja. Sauti ya Fally Ipupa akiwa bado kijana wa Quartier Latin, bendi ya Koffi, imo humo, na wapiga magitaa wamo, ambao hawakumdhuru mtu.

Dada Mama Wawili, ni kweli kwamba yupo mtu wa familia atakayesikiliza. Sidhani kama linahusika sana na swali langu.

Mama Wawili
Linahusika, kaka yangu, ndiyo maana umelificha. Sisemi kwa ubaya. Eleza, au tufunge uzi, kwa sababu tunakushauri juu ya jambo usilotuonyesha.

Mwana wa Kanda
Haya. Ni mdogo wangu wa kike, tunayefuatana. Alikuwa mnenguaji wa bendi moja ya dansi tangu mwaka 2003, na kunengua alijifunzia sebuleni kwetu, kwa kanda hiyohiyo ya Effrakata, mimi nikiwa mtu wa kurudisha nyuma pale aliposema hajaishika hatua. Siwezi kuisikia albamu ile bila kuziona nyayo zake juu ya sakafu ya saruji.

Mwaka 2006 alirudi nyumbani usiku, jicho moja limevimba na kufumba, akasema kiongozi wa bendi amempiga mbele ya wenzake kwa sababu alichelewa mazoezini. Baba alikuwa ameshafariki, nami ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba. Asubuhi nilimpa nauli arudi kambini, nikamwambia aombe radhi. Alirudi, akakaa miezi mingine mitano, kisha akaacha kazi hiyo mwenyewe bila kutueleza lolote.

Naomba msinihukumu haraka. Posho yake ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba na ada ya mdogo wetu wa mwisho, na nyakati zile hapakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko dhidi ya mwenye bendi. Tangu siku hiyo hajalitaja jambo lile hata mara moja, na huenda amelisahau.

Dereva wa Usiku
Ndugu, nimesimamisha gari Mikumi ili niandike. Niliyoyasema mwanzo niliyasema nikidhani tunazungumzia muziki.

Mtoto wa Ujiji
Wakuu, niruhusuni niwe mtu wa kuharibu. Mimi nahisi kisa hiki kimetungwa. Mtu ameingia na orodha ya albamu, akasubiri aulizwe, akaulizwa tena, ndipo akatoa dada, kanda, jicho na nauli, kila kitu mahali pake kama mchezo wa redio. Na hapo ndipo penyewe: kuna kipindi Jumamosi. Nadhani tunatumiwa kutangaza kipindi cha redio, na wiki ijayo tutaambiwa tusikilize sehemu ya pili. Sisi tuliokulia Kigoma tukisikiliza redio za ng'ambo ya ziwa tunajua hadithi inavyopikwa.

Mzee wa Santuri
Hata mimi nilianza kushuku. Bendi za zamani zilikuwa na nidhamu, na mnenguaji alikuwa kama mtoto wa kiongozi. Kuchapwa kwa kuchelewa si jambo geni, lakini jicho kuvimba?

Binti wa Ng'ambo
Mzee wangu, kwa heshima zote, sentensi yako ya mwisho imeniumiza. Mimi ni wa Unguja, nilikozaliwa kwenye nyumba ya taarabu, na bibi yangu alikuwa akitusimulia sababu ya Siti binti Saad kuimba habari za Kijiti. Mwanamke mgeni aliuawa, muuaji, huyo Kijiti, akatorokea bara, na waliokwenda kueleza yaliyotokea ndio walioadhibiwa. Siti aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri alikuwa na nyimbo nyingi za mapenzi za kumpatia fedha, na bado aliona mauaji yale yanastahili kuimbwa ili yasifukiwe. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki wetu haujawahi kujishughulisha na mambo haya, na kwamba tumeiga wazungu, hajasikiliza vya kutosha.

Na wewe Mtoto wa Ujiji, tuseme kisa kimetungwa. Utamwambia nini mnenguaji mwingine anayesoma humu kimya, ambaye kwake hakikutungwa?

Mtoto wa Ujiji
Nitamwambia pole, dada yangu, na nitamaanisha. Lakini kuomba ukweli kwa anayeomba ushauri si kosa. Ajibu mwenyewe.

Mwana wa Kanda
Ningekuwa natangaza kipindi, ningeitaja redio na masafa yake, na sijavitaja wala sitavitaja. Siwezi kuthibitisha kitu kwa mtu asiyenijua. Naweza kusema tu kwamba nauli niliyompa ilikuwa noti moja ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, ambayo mama alikuwa ameificha chini ya kopo la chai, na kwamba mdogo wangu aliipokea bila kunitazama. Mtu anayetunga kisa angejipa nafasi nzuri zaidi ya hiyo.

Kwa kuwa sasa nasema yote, niseme na hili: orodha nilikwisha kuipeleka Jumanne, kabla sijafungua uzi huu, nayo Effrakata iko nafasi ya nne. Nilitumaini mtaniambia kwamba nimefanya vizuri. Nimejitetea kwamba kumtaja Koffi na kunyamaza juu ya mengine ni kumheshimu mdogo wangu, asikumbushwe.

Mama Wawili
Ahsante kwa kusema. Hilo la kumheshimu kwa kunyamaza ulilifanya mwaka 2006 pia, kaka. Mimi sina shida na albamu kuwa ya kwanza, ya nne au ya mia. Orodha ya vitu unavyovipenda ni maelezo ya maisha yako, na huwezi kuyafuta maisha kwa kuwa aliyeimba ametiwa hatiani. Lakini usiipige Jumamosi ukaizungumzia sauti ya Fally na magitaa, huku mwenye nyayo zile ameketi anasikiliza, akusikie unamzunguka. Mpigie simu kwanza. Usimwulize kuhusu Koffi. Mwulize kuhusu ile asubuhi.

Msomaji wa Sheria
Nakubaliana na dada. Na hoja yangu ya mwaka 2001 naiondoa. Ilikuwa sahihi kwa tarehe, lakini nilikupa kitu cha kujifichia.

Mpenda Rumba wa Ubelgiji
Ukiamua kuicheza, wataje wanenguaji. Katika mapenzi yangu yote ya rumba sijawahi kusikia mtangazaji akisoma majina yao, ilhali ya wapiga magitaa tunayakariri kama sala.

Mwana wa Kanda
Nimempigia jana jioni. Nilianzia kwenye orodha, kwa sababu sikuweza kuanzia pengine, naye akaniuliza kama ile kanda bado ipo. Nikamwambia ipo, ingawa ganda lake limepasuka. Akacheka kidogo. Nilipotaja mwaka 2006 alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika, kisha akasema kwamba mambo hayo hazungumzi kwenye simu huku wateja wamekaa wakisubiri chakula, na kwamba kama nina neno niende Chalinze nimwambie ana kwa ana. Hakuwa amesahau.

Nimewaeleza watu wa redio kwamba nafasi ya nne na ya kwanza bado sijaziamua. Wamekubali kunisubiri hadi saa nane mchana Jumamosi. Kesho Ijumaa naondoka kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi, na kanda naibeba.