Tekila ya bei nafuu kwa baa ndogo Paje: Sierra, Olmeca, Cuervo, El Jimador au Altos?

MpwaWaPaje
Wakuu, salaam. Nina baa ndogo hapa Paje, kaunta moja na meza za nje, si hoteli. Wateja ni mchanganyiko: vijana wa kite (ule mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara), walimu wao, wafanyakazi wa hoteli wakitoka zamu. Bia na Konyagi najua kuzipanga, tekila ndiyo inanisumbua. Kaskazi inakaribia, watu wataanza kuulizia shoti na margarita, na rafu yangu haina nafasi ya chupa kumi. Nataka aina mbili, tatu mwisho. Kwa muagizaji nimeona Olmeca ya kawaida, Sierra, Jose Cuervo Especial, El Jimador na Olmeca Altos. Patrón na Don Julio sizigusi, zitanilalia. Ipi inalipa na haimtii mtu aibu?

KauntaYaNungwi
Anza na lebo kabla ya jina. Kwa sheria za Mexico tekila ni za namna mbili. Iliyoandikwa "100% de agave", sukari yake yote imetoka kwenye mmea wa agave ya buluu. Iliyoandikwa "tequila" tu, inatakiwa angalau asilimia 51 ya sukari itoke kwenye agave, iliyobaki inaweza kuwa ya miwa. Hiyo ya pili watu wa kaunta tunaiita miksto. Kwenye orodha yako Olmeca ya kawaida, Sierra ya kofia nyekundu na Cuervo Especial ni miksto. El Jimador na Altos ni agave tupu.

Agave tupu lazima ijazwe kwenye chupa hukohuko, Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne. Miksto inaruhusiwa kusafirishwa kwenye matangi na kujazwa nchi nyingine. Halafu tafuta herufi NOM na tarakimu nne. Ile ni namba ya kiwanda, haisemi kitu kuhusu utamu. El Jimador utaona 1119, ni nyumba ya Herradura kule Amatitán. Chupa isiyo na NOM iache dukani.

Na "gold" isikubabaishe. Kwenye miksto za bei rahisi ile rangi mara nyingi ni karameli. Inayolazimika kukaa kwenye mbao ni reposado, miezi 2 na kuendelea, na añejo, mwaka 1 na kuendelea.

Mzee_wa_Zamu
Mie naona mnamchosha mwenzetu. Mteja wa saa sita usiku analamba chumvi, anabugia, anang'ata ndimu, uso umemkunjamana. Huyo haulizi sukari imetoka wapi. Mpe Sierra, apige picha na ile kofia ya plastiki, aende zake.

Zuu_Kaunta
Mzee, kwa shoti nakubaliana nawe. Kwa margarita hapana. Ndimu zetu ni ndogo na kali, zinaivua tekila nguo zote. Miksto ikishakutana nazo unabaki na ukali wa spiriti na sukari. Agave tupu bado unaisikia.

Mpwa, fanya hivi kabla hujatoa pesa ya kreti zima. Nunua chupa moja ya El Jimador blanco (ile nyeupe isiyozeeshwa) na moja ya Altos blanco. Mimina kidogo bila barafu, nusa, onja. Kisha tengeneza margarita ya kila moja kwa kipimo kilekile: 50 ml tekila, 25 ml likeri ya machungwa, 25 ml ndimu, tikisa na barafu nyingi. Kwangu El Jimador ni nyepesi, ina ndimundimu na pilipili kidogo mwishoni. Altos inatoka Arandas, kwenye nyanda za juu za Jalisco, ni tamu kidogo na harufu ya agave iliyopikwa iko mbele. Walioshiriki kuitunga ni wahudumu wa kaunta wawili wa London, Henry Besant na Dre Masso, na unaona kabisa imekusudiwa kuchanganywa. Bei zikilingana mie nachukua Altos. Altos ikipanda, El Jimador haitakuangusha.

Jambo jingine: Wajerumani wengi wana mtindo wao, tekila ya gold kwa kipande cha chungwa kilichonyunyiziwa mdalasini badala ya chumvi na ndimu. Hapo miksto ya gold inafaa kabisa, na mdalasini tunao. Waletee kwenye kisahani bila kuulizwa uone bakshishi.

Hesabu_Kwanza
Tupige hesabu, bei hizi ni za mfano tu. Tuseme miksto chupa ni 60,000 na agave tupu 85,000, zote 750 ml. Kwa toti ya 30 ml unapata toti 25. Miksto inakugharimu 2,400 kwa toti, agave tupu 3,400. Tofauti elfu moja. Margarita ya 50 ml tofauti haifiki 1,700, na glasi hiyo Paje hauuzi bei ya soda. Ila kama chupa ni 700 ml, toti ni 23 tu, watu wengi hawasomi hapo.

Na nunua kipimo cha chuma. Kijana anayemimina kwa macho ataimaliza faida yote kabla ya saa nne usiku.

Kite_Mnyonge
Agave tupu haina hangova. Hiyo peke yake inatosha kuiuza.

KauntaYaNungwi
Usimwambie mteja hivyo, bwana. Akipiga toti nane kichwa kitamuuma tu, awe amekunywa ya elfu tatu au ya elfu thelathini.

BintiChake
Naingilia tu nikiwa Chake Chake, mie sinywi na huku kwetu biashara hiyo ni kama haipo. Nauliza: hiyo agave na mkonge wa Tanga ni ndugu? Picha zinafanana mno.

Zuu_Kaunta
Ndugu kabisa, dada. Mkonge ni Agave sisalana, ya tekila ni Agave tequilana. Mkonge wenyewe asili yake Mexico, Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta pwani ya Tanga mwaka 1893. Tofauti, kwenye mkonge tunataka majani. Kwenye tekila majani yanakatwa na kuachwa, kinachopikwa ni kile kitovu kizito cha mmea, baada ya kungojwa shambani miaka 6 hadi 8 hivi. Ndiyo maana haiwezi kuwa rahisi kama gongo. Na ukiipanda Tanga ukaikoroga vizuri vipi, huruhusiwi kuiita tekila. Jina limelindwa tangu 1974.

Bandari_Malindi
Mmesahau mzigo. Mwanzoni mwa 2024 vibali vya waagizaji vilipobadilika mlikuwa wapi? Bia yenyewe ilikuwa kutafutana na bei ziliruka. Kwa hiyo kwenye menyu andika "margarita", jina la tekila liache nje. Leo Altos, kesho El Jimador, hakuna atakayekudai maelezo.

La pili, Ramadhani siku hizi inaangukia ndani ya kaskazi. Hoteli zinaendelea, baa ya mtaani inafunga. Usijaze stoo Januari ukakaa na mtaji mwezi mzima. Bahati nzuri tekila iliyofungwa haiharibiki: isimamishe wima, kizibo kisiloe, na iwe mbali na jua. Iliyofunguliwa nusu ndiyo inayopoteza harufu, hasa ukiiacha na mdomo wa kumiminia usio na kifuniko. Sisimizi nao wanaipenda.

MpwaWaPaje
Nimewaelewa. Nachukua Sierra gold chache kwa shoti na Wajerumani wa Zuu, na blanco moja ya agave tupu, nitaamua nikishaonja zote mbili. Cuervo nimeiacha, kazi yake ni ileile ya Sierra. Kuna kinywaji kingine cha blanco ambacho si margarita? Likeri ya machungwa nayo ina bei.

Zuu_Kaunta
Paloma. Kule Mexico wanatumia soda ya balungi, wewe kamua balungi lenyewe: toti mbili za tekila, balungi nusu, ndimu kidogo, sukari kijiko kimoja cha chai, jazia maji ya soda. Likeri huihitaji. Chumvi weka ya mawe na ifunikie kwenye kopo, maana kwa unyevu wa huko Paje ya unga inaganda kabla ya magharibi na haishiki kwenye glasi.

Mzee_wa_Zamu
Balungi sokoni Mwanakwerekwe, nenda asubuhi. Na mie uniwekee Sierra yangu.