MREJESHO: Mchezo wangu wa kuruka vikwazo sasa unaenda sawa kwenye simu zote mbili

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini vikwazo kwenye mchezo wangu wa kwanza wa Godot (programu ya kuundia michezo) vinakimbia maradufu kwenye simu ya 120 Hz (inayochora picha, yaani fremu, 120 kwa sekunde) kuliko ile ya 60 Hz.

Aliyesema nizidishe mwendo kwa delta (muda, kwa sekunde, tangu fremu iliyotangulia) alipatia. Nilikuwa nasogeza kikwazo pikseli 5 kila fremu. Sasa ni 300 * delta, yaani pikseli 300 kwa sekunde, na simu zote zinalingana.

Ila kwa pupa zangu nikaizidisha kwa delta hata velocity (kasi) ya mchezaji anayetumia move_and_slide(), amri ya Godot ya kumsogeza. Akawa anajikokota kama kobe! Kumbe kwenye Godot 4 amri hiyo inahesabu delta yenyewe. Kwa mchezaji nimebakiza delta kwenye mvutano (graviti, unaomvuta chini) tu: velocity.y += mvutano * delta.

Sauti ya kuruka imenishinda. Nimebadili MP3 kuwa WAV kama mlivyonishauri, bado inachelewa kidogo. Nimeiacha kwanza.

Asanteni sana, hasa uliyenikataza kuanza na menyu. Ningekuwa bado nachora vitufe.