Hilux 3L: nimefunga giaboksi nyumbani, gia zinagoma. Nibadili klachi au ninunue giaboksi nyingine?

mkulima_bahi
Wakuu habari za jioni. Gari iko juu ya stendi uani kwangu Nkuhungu, Dodoma, toka Jumapili na nimekwama. Nina Hilux, giaboksi yake ya zamani ilikuwa inaruka gia ya tatu, nikapata nyingine ya mtumba nikaifunga mwenyewe na mdogo wangu. Boliti zote zimeingia, propela shafti imerudi, ila nikiwasha gari namba moja inagoma na rivasi inalia krrrr mpaka moyo unaniuma. Nimepewa njia tatu: nishushe tena niweke klachi seti nzima mpya (laki tatu na nusu), au ninunue giaboksi nyingine ya laki tisa wanayosema imeshuka juzi kutoka Japani, au nivutwe mpaka gereji nimwachie fundi. Wiki ijayo nina alizeti ya kutoa shambani. Nifanye ipi?

fundi_chuma
Mkuu umeandika mengi ila yanayotakiwa hujayasema. Injini gani? Klachi uliyorudisha ni mpya au ile ile? Ukizima injini gia zinaingia? Pedali ikoje, ngumu au inazama? Bila hayo tutapiga ramli tu hapa.

kibaigwa_dereva
Nunua nyingine kaka. Mtumba ni bahati nasibu, mimi siku hizi naenda na otomatiki nimesahau habari za klachi.

mkulima_bahi
Samahani wakuu. Injini ni 3L ya dizeli, gia tano. Nikizima injini gia zote zinaingia laini hata rivasi. Pedali inazama kirahisi kuliko zamani. Pleti ya klachi ni ile ile maana ilikuwa bado nene, niliifungua pamoja na presha pleti (kile kifuniko chenye springi kinachoibana) nikasafisha vumbi nikarudisha.

fundi_chuma
Basi hiyo laki tisa iache mfukoni. Gia zikiingia injini ikiwa kimya halafu zikagoma ikiwa inanguruma, klachi haiachii. Umekanyaga lakini shafti ya giaboksi bado inazunguka na injini, na rivasi ya hizo gari haina sinkronaiza (ringi za kulinganisha mwendo kabla gia haijaingia) ndo maana yenyewe inalia zaidi. Sasa ulipokuwa unashusha ulifungua paipu ya slevu silinda ya klachi (ile ndogo pembeni ya giaboksi inayosukumwa na fluidi) au uliifungua silinda yenyewe ukaining'iniza pembeni? Kama ulifungua paipu kuna upepo umeingia. Jaribu hivi, kanyaga pedali haraka haraka mara tatu nne halafu ishikilie chini uweke gia, ikiingia afadhali kuliko mwanzo hangaika na upepo kwanza. Halafu mdogo wako akanyage wewe uko pembeni na rula upime ile rodi ya slevu inasogea kiasi gani, isipofika hata sentimita moja usishushe kitu chochote bado.

dada_spana
Naongezea kwa fundi. Pleti ina upande wake. Ule upande wenye kitovu kirefu na springi zilizotokeza unaangalia giaboksi, na pleti nyingi zimeandikwa kabisa upande wa flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini). Ukigeuza, kitovu kinagusa boliti za flaiwili na klachi haiachii hata utoe upepo mwaka mzima. Nimewahi kushusha moja hapa Chang'ombe, springi zimechongwa zinang'aa kama sarafu mpya, na mwenye gari alikuwa ameshabadilisha masta silinda (ile ya juu kwenye pedali) mbili bila sababu. Je unakumbuka uliiweka upande gani? Na mlipokuwa mnaingiza, giaboksi ilibebwa na nini?

mkulima_bahi
Paipu nilifungua ndiyo. Upande wa pleti kusema kweli sikuangalia, sikujua kama ina upande. Giaboksi tuliibeba kwa jeki ya kawaida na ubao, mdogo wangu alichoka kidogo ikabaki imening'inia kama dakika mbili nikatafuta ubao mwingine.

dada_spana
Hapo kwenye kuning'inia ndipo ninapopaogopa. Uzito wote ulikaa kwenye kitovu cha pleti. Pleti ikipinda kidogo tu inaburuza hata ukikanyaga mpaka chini.

mzee_kongwa
Wanangu poleni na kazi. Niwaambie yaliyonipata ili huyu kijana asipite nilipopita mimi. Nilikuwa na pikapu ya mizigo nikaamua nifunge giaboksi nyumbani, uwanja wangu ni mchanga tupu. Jeki niliiweka juu ya kipande cha plaiwudi. Shafti ikaingia ikafika mahali ikakataa, imebaki nafasi ya vidole viwili kati ya giaboksi na injini. Badala ya kurudisha nyuma nizungushe shafti mpaka meno yakutane, nikaingiza boliti nikaanza kuvuta kwa spana, huku robo zamu kule robo zamu, nikawa nasikia raha inakaribia. Mara ikalia ta! Nikadhani imekaa. Kumbe sikio moja la giaboksi, pale boliti inapopita, limekatika, aluminiamu haivumilii. Na jeki wakati huo huo ikazama upande mmoja, plaiwudi ikapasuka, giaboksi ikalala kwenye mkono wangu wa kushoto, kama si mke wangu kuleta kipande cha reli akainua nisingekuwa na vidole hivi ninavyoandikia. Nilikaa miezi miwili bila gari. Sikio likachomelewa, likavuja, gari ikawa inatetemeka, mwisho meno ya kitovu cha pleti yakalika nikiwa na mzigo karibu na Gairo usiku. Kijana, giaboksi inaingia kwa mkono. Boliti ni za kukaza, si za kuvuta. Na usilale chini ya gari iliyo kwenye jeki peke yake, hata dakika moja.

mkulima_bahi
Shikamoo mzee. Hapo umenigusa, na sisi ilibaki nafasi kama ya kidole tukaivutia kwa boliti. Sikusikia kulia lakini.

mzee_kongwa
Marahaba. Chukua tochi uzungukie masikio yote na zile pini mbili za kuongoza, kama pini ulizisahau giaboksi imekaa upande.

kibaigwa_dereva
Mnamtisha bure. Abadili oili tu, hizo za mtumba zinakuja zimekauka. Aweke oili ya gia ya daraja la GL-5 gia zitalainika.

fundi_chuma
Oili haitengenezi klachi isiyoachia ndugu yangu. Na GL-5 usimwagie kila giaboksi, baadhi ya oili hizo zina dawa inayokula ringi za shaba za sinkronaiza. Afuate kitabu cha gari yake, kikisema GL-4 aweke GL-4.

kibaigwa_dereva
Mimi kabla ya otomatiki niliweka GL-5 miaka minne Dodoma Singida kila wiki na gari ikatembea.

fundi_chuma
Giaboksi ipi? Hazifanani.

ilazo_spea
Mkiacha oili, akiamua kununua seti asikubali pleti peke yake. Pleti, presha pleti, beringi ya rilizi (inayosukuma klachi iachie) na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, vyote kwa pamoja. Ile ndogo ikikwama nayo inazungusha shafti ukiwa umekanyaga, na watu wengi hawaigusi. Akiagiza Dar atume picha ya kibati cha kiwandani kilichopo kwenye chumba cha injini, kina namba ya aina ya giaboksi.

dada_spana
Na apewe risiti. Mimi nilitumiwa kwa basi seti ya gari nyingine kabisa, kuirudisha ikawa vita.

mkulima_bahi
Wakuu nimerudi. Masikio mazima, pini zote mbili zipo. Rodi inasogea milimita 7. Nikipampu pedali inafika kama 10 na gia namba moja inaingia, ila rivasi bado inalia kidogo. Nimeagiza breki fluidi Majengo ya kujazia klachi nitoe upepo kesho asubuhi.

fundi_chuma
Umeona. Toa upepo mpaka povu liishe kisha upime tena.

dada_spana
Toa, lakini rivasi ikiendelea kulia wakati rodi inatembea vizuri, shusha. Usiibebeshe alizeti ikiwa hivyo.

mzee_kongwa
Mimi ningeshusha leo hii.

msafiri_manyoni
Samahani kuingilia, ile giaboksi ya zamani inayoruka tatu unaiuza? Nahitaji kava lake la juu tu.