Maktaba ndogo mtandaoni: grupu la WhatsApp, chaneli, Facebook au Koha? (ulinganisho)

Mkutubi_Kilosa

Wakuu, heshima mbele. Nasimamia maktaba ya kata. Ni chumba kimoja, rafu tisa, vitabu elfu mbili na ushee, mkutubi mmoja ambaye ndiye mimi, na kijana wa kujitolea anayekuja Jumatatu na Alhamisi. Umeme upo. Intaneti ni bando la mfukoni mwangu.

Kamati imeagiza "tuingie mtandaoni", na kila mjumbe ana lake. Mwenyekiti anataka Facebook kwa kuwa yeye yuko Facebook. Mwalimu mkuu anataka grupu la WhatsApp. Kijana wangu anasema TikTok. Mimi shida yangu ni moja: mtu asivuke mto Mkondoa, kilomita saba kwa mguu, kuja kuulizia kitabu ambacho kimeazimwa tangu juzi. Nikipata nafasi zaidi, basi na wasomaji waambiane walichosoma.

Nilinganishieni. Aliyetumia ndiye aseme. Nawasilisha.

Bi_Rafu

Karibu mdogo wangu. Nianze na grupu la WhatsApp, maana ndilo lililoniunguza.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Kisha zikaanza picha za maua za kila asubuhi, matangazo ya mashine ya kusaga, mtu anauza viatu vya mtumba. Msomaji anauliza kama kitabu cha Kemia kipo, na mimi nikifungua simu saa nne swali lake liko chini ya meseji themanini. Hilo ningelivumilia.

Lililonishinda ni hili. Mwenzangu wa zamu, kwa nia njema kabisa, alipiga picha ukurasa wa daftari la kuazima, ule wa waliochelewesha, akautuma grupuni: "Wafuatao warudishe vitabu." Jina, namba ya simu, kitabu. Mstari wa nne alikuwa binti wa kidato cha tatu, na kitabu chake kilihusu uzazi wa mpango. Shangazi yake yumo kwenye grupu. Tulifuta, lakini tiki za bluu zilikuwa zimeshajaa. Kesho yake kitabu kilirudi kimefungwa kwenye gazeti, kimeletwa na mdogo wake. Binti mwenyewe hakukanyaga tena.

Kwa hiyo kwangu grupu ni la gumzo la vitabu tu, kwa atakayejiunga kwa hiari, akijua kuwa namba yake wataiona wote. Mambo ya kuazima yasiingie humo kabisa. Ukumbuke pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na daftari la kuazima ni taarifa binafsi tupu.

Mvita_Msomi

Pole sana Bi_Rafu, hilo la binti limenichoma. Huku Kenya sheria kama hiyo tunayo tangu 2019, na bado watu wanabandika orodha za wanaodaiwa vitabu mlangoni.

Ndugu wa Kilosa, tenganisha kutangaza na kujibu. Kutangaza, tumia chaneli ya WhatsApp. Wafuasi hawaonani namba, na hapana anayeweza kumwaga picha za maua humo. Wao huweka emoji au kupiga kura basi. Sisi kila Ijumaa tunaweka picha ya vitabu vitano vilivyoingia, imepigwa mezani kwenye mwanga wa dirisha, migongo yote ikisomeka. Hiyo picha moja huleta watu kuliko maneno mia.

Kujibu, tumia WhatsApp Business kwenye laini ya maktaba. Ni bure. Unaweka salamu inayojituma yenyewe (saa za kufungua, namna ya kupata kadi), majibu mafupi yaliyohifadhiwa, na lebo. Mimi nina lebo tatu: "anasubiri", "kimehifadhiwa", "amechelewa". Anayedaiwa namwandikia faragha, yeye na mimi tu.

Udhaifu wake? Anayejibu ni mtu. Ukiugua wiki moja, maktaba nayo imeugua.

Kichwa_Ngumu

Mbona mnahangaika? Fungueni Telegram, tupieni PDF za vitabu vyote, watu wapakue. Faili moja linaweza kufika GB 2, grupu linabeba watu laki mbili, aliyejiunga leo anaona hata ya mwaka jana. WhatsApp grupu mwisho wake ni watu 1,024.

Ukutubi_Chuo

Mkuu, sifa za Telegram umezitaja vizuri na ni za kweli. Kwa chuo chenye wanafunzi wengi na notsi nyingi ningeichukua mbele ya WhatsApp. Ila "PDF za vitabu vyote" ni wizi wenye nembo ya maktaba. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya 1999, na mwandishi wa Kiswahili tayari anauza nakala za kuhesabu. Maktaba ikimpora, nani atamlinda? Weka vile ambavyo muda wa haki umekwisha, au ambavyo mwenyewe ametoa ruhusa kwa maandishi.

Sasa nitetee Koha, maana naona imetajwa kwenye kichwa cha mada na hakuna aliyeigusa. Koha ni programu huria ya kuendesha maktaba nzima: katalogi, kuazimisha, kadi, takwimu. Ilitengenezwa New Zealand, maktaba za Horowhenua, mwaka 1999, ikaanza kazi Januari 2000. Jina lake ni Kimaori, maana yake zawadi. Kinachohusu mada ni kwamba msomaji anaweza kuandika maoni chini ya kitabu, kuongeza maneno yake ya utafutaji, na kutengeneza orodha yake na kuishirikisha. Maoni hayaonekani mpaka mkutubi ayapitishe. Mazungumzo yanabaki pale kitabu kilipo, hayapotei na simu ya mtu.

Maneno ya wasomaji ni dhahabu. Sisi wakutubi tutaandika 896.392, namba ya rafu ya fasihi ya Kiswahili, na kuridhika. Mwanafunzi aliongeza neno "kitabu cha mtihani" kwenye tamthilia moja, na tangu siku hiyo wenzake wanaipata kwa neno hilo.

Bi_Rafu

Zawadi ndiyo, lakini nani atailisha? Inataka seva, inataka mtu wa kuisasisha na kutunza nakala rudufu. Mtu mmoja, rafu tisa, bando la mfukoni... Koha mwache aisubiri.

Ukutubi_Chuo

Hapo nimekuelewa. Kwa vitabu elfu mbili na mtu mmoja, nakubali. Ila aandike orodha yake vizuri tangu leo, ili siku ya kuhamia asianze upya.

Jedwali_Halidanganyi

Hapo ndipo mimi. Kero ya mwanzilishi wa mada ni "kipo au hakipo", na hiyo inatatuliwa na Google Sheets, jedwali la mtandaoni. Safu sita: namba ya rafu, jina la kitabu, mwandishi, mada, nakala ngapi, kipo au kimeazimwa. Jina la mwazimaji LISIWEMO, hilo libaki daftarini. Kiungo unakiweka juu kabisa ya chaneli.

Onyo. Tulipoanza nilitoa kiungo cha kuhariri kwa kila mtu, nikijidai "ushirikishwaji". Kijana mmoja akapanga safu ya majina kwa alfabeti na kuziacha nyingine zilivyo. Mwongozo wa ufugaji wa kuku ukapata mwandishi wa mashairi, na mashairi yakaenda kwa daktari wa mifugo. Siku mbili hakuna aliyegundua, mpaka mfugaji mmoja akaja kaunta kuuliza huyu mshairi ana vitabu vingine vya kuku. Historia ya matoleo ndiyo iliyoniokoa: unarudi kwenye nakala ya kabla ya ajali, unairejesha. Sasa umma unaona tu, wanaohariri ni watatu, na mapendekezo ya vitabu yanakuja kwa fomu ya Google.

Mkonge_wa_Zamani

Facebook mmeisema kidogo mno, wakati ndiko waliko wazee.

Tuna boksi la picha za zamani, nyingi hazina maelezo. Nilipandisha moja: duka, baiskeli mbili, watoto wanne. Nikauliza tu, "Hapa ni wapi?" Kufikia jioni mzee mmoja aliyehamia Muscat alikuwa ametaja mtaa, mwingine akambishia, mwanamke mmoja akasema mtoto wa tatu ni kaka yake. Wakabishana siku tatu kuhusu mlango wa duka, mpaka mmoja akaleta picha ya nyumba hiyohiyo kwa upande wa pili. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza jambo hilihili Januari 2008, ikaweka picha kama elfu tatu Flickr, mtandao wa picha, na kuwaomba watu waziongezee maelezo. Nasi tunaweza, bila bajeti yao.

Ila Facebook haihifadhi chochote kwa ajili yako. Maoni yakitulia, nayanakili kwenye daftari la picha, na maelezo mafupi kwa penseli nyuma ya picha yenyewe. Penseli laini, si kalamu, wino unapenya.

Mwanawiki

Niongeze moja kwa haraka. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na makala nyingi za wilaya zetu hazina vyanzo. Kila mwaka, 15 Januari hadi 5 Februari, kuna kampeni ya #1Lib1Ref: mkutubi mmoja, chanzo kimoja. Kama rafuni mna kitabu cha historia ya eneo ambacho hakipo mtandaoni, wewe una kitu ambacho mhariri wa mbali hana. Dakika kumi na tano zinatosha.

Kijana_wa_TikTok

Na sisi je? Mimi niligundua maktaba ya mtaani kwetu kwa video ya sekunde ishirini, dada anafungua boksi la vitabu kwa kisu cha jikoni. Sikujua hata kama jengo lile ni maktaba.

Mvita_Msomi

Hiyo ni hoja. Kwa kuita wageni, TikTok inaishinda chaneli, maana chaneli huwafikia wanaokujua tayari. Lakini hesabu muda: video moja yangu hunilia mchana mzima. Na watoto wa chini ya miaka 13 hawaruhusiwi kwenye mitandao hii, kwa hiyo wa shule ya msingi utawapata kwa simu ya mzazi.

Bi_Rafu

Na msiweke mayai yote kapu moja. X ilipozuiwa Tanzania Mei 2025, kuna waliokuwa na wafuasi wao wote kule. Wenye vitochi nao ni wasomaji: nusu ya wangu nawatumia SMS ya kawaida, na karatasi ya vitabu vipya naibandika sokoni kwa muuza nazi.

Mkutubi_Kilosa

Wakuu, nimewasoma wote, ahsanteni. Naanza hivi: Sheets ya kuona tu, WhatsApp Business kwa maswali, chaneli kwa matangazo ya Ijumaa. Facebook nampa mwenyekiti na picha zetu za stesheni ya reli, atafurahi, na nitamwomba kijana awe anazinakili zile kumbukumbu. TikTok kijana mwenyewe akitaka, kwa simu yake, wasomaji wasionekane sura. Grupu namwambia mwalimu mkuu hapana, nikiwa na kisa cha Bi_Rafu mkononi bila kutaja mahali.

Swali la mwisho: laini. Nikiisajili kwa kitambulisho changu cha NIDA na kidole changu, halafu nihamishwe?

Bi_Rafu

Utaondoka na maktaba mfukoni. Kwetu aliyenitangulia aliondoka na namba, mpaka leo watu wanamuulizia vitabu huko aliko. Nenda duka la mtandao na barua ya kamati, uliza kusajili laini kwa jina la taasisi. Halafu kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, na ile PIN ya tarakimu sita ikae kwenye bahasha kabatini, mwenyekiti ajue ilipo.

Mkutubi_Kilosa

Barua naiandika usiku huu. Mhuri uko kwa mtendaji, na mtendaji Jumatatu yuko semina. Jumanne basi.