Kuchaji betri ya N70 nyumbani: ampia ngapi, saa ngapi?

Mtaa wa Pili: Wakuu, Noah imelala wiki tatu haijawashwa. Betri ni N70 ya maji, mita inasoma volti 11.6. Chaja ni ya transfoma, haijizimi. Ina swichi ya 6/12 na ya ampia 2/10. Niitoe betri kwenye gari au niichajie humo humo? Na nitajuaje imejaa?

Waya Mwekundu: Itoe, mkuu. Chaja isiyojizima huweza kupitisha volti 16 betri ikikaribia kujaa, na kompyuta ya gari haitaki volti hizo. Fungua nati ya hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi tu umepiga shoti.

Fungua vifuniko vyote sita. Pleti zikionekana, ongeza maji ya betri yasiyo na tindikali mpaka zifunikwe tu. Kujaza hadi alama ya juu ni baada ya kuchaji, maana maji hupanda betri ikichajiwa, na ukiwahi kujaza yatafurika na tindikali yake. Maji ya bomba usiweke, hata yaliyochemshwa.

Swichi iwe 12. Klipu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, plagi ukutani mwisho. Kutoa ni kinyume: plagi kwanza. Hapa usifanye haraka hata kidogo. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja ya klipu inaweza kuilipua ikakurushia tindikali usoni. Chajia barazani penye hewa, vaa miwani, asiwepo wa kuvuta sigara.

Stata: Ampia salama ni sehemu ya kumi ya Ah (ampia-saa, yaani ujazo wa betri). N70 ni kama Ah 70, basi 7. Kwa iliyoshuka hivyo 10 inavumilika. Anza na 10, pima kila saa. Ikifika volti 14.4, pengine baada ya saa tano hadi saba, hamia 2 umalizie taratibu. Imejaa volti zikigoma kupanda kwa saa mbili na haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri) ikisoma 1.26 hadi 1.28 seli zote. Kasha likiwa la moto mpaka mkono haukai, au ukisikia harufu ya yai viza, zima ukutani na usiguse klipu mpaka ipoe.

Mtaa wa Pili: Asanteni sana. Na kwa chaja ya kisasa inayojizima, lazima niitoe?

Waya Mwekundu: Si lazima. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi ibane chuma kitupu cha injini mbali na betri, ili cheche isitokee juu ya gesi.

Stata: Ukimaliza, iache usiku kucha bila chaja ndipo upime. 12.6 kwenda juu ni nzima. Ikirudi karibu na 10.5, seli moja imekufa, kwani kila seli ina volti 2 na ushee. Hiyo hata uichaji wiki haitapona. Ikisoma vizuri lakini ukipiga stata inaanguka chini ya 9.6, nguvu imeisha, tafuta nyingine.